Kwa wanaoanza kupiga picha shakwe: someni maji kabla ya kamera

Wadogo zangu, juzi nimewaona tena pwani ya Mikindani, Mtwara. Mmefika alfajiri na lenzi ndefu, betri zimejaa, na mbele yenu tope tupu. Shakwe wako mbali, ukingoni mwa maji. Kisha mmoja wenu akaanza kuwafuata kwa miguu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

1. Jedwali la maji ndilo linalopanga safari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Ukija siku hizo, jua likichomoza maji yanaondoka, na ndege wanaondoka nayo. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Kwa hiyo tarehe tano au kumi na tisa za mwezi mwandamo yanajaa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Tope linafunikwa polepole, na ndege wanasogezwa hadi pale ulipoketi, mwanga ukiwa bado laini. Ukiwa umeketi, nasema.

2. Mwanga. Shakwe mweupe akijaza fremu, kamera humtia kijivu: ongezeni mwangaza. Akiwa mdogo mbele ya mikoko yenye kiza: punguzeni. Wakiruka, shata iwe 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi.

3. Majina. Mwenye kichwa cha kahawia iliyokolea, ukosi mweupe na mdomo wenye ncha nyekundu, jina lake la kisayansi ni Ichthyaetus hemprichii. Huzaliana Bahari ya Shamu na pwani za Arabuni. Mwenye kichwa cha kijivu, mdomo na miguu myekundu, ni Chroicocephalus cirrocephalus, yule mnayemwona pia kwenye maziwa ya bara. Shakwe wakubwa wanaotoka Siberia huchukua kama miaka 4 kupata manyoya ya utu uzima, hivyo yule wa madoadoa ya kahawia si aina mpya, ni mtoto. Na buabua si shakwe! Tazameni mkia wake wenye panda na mdomo uliochongoka.

4. Msiwarushe ndege. Hapa nitakaa.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, maji yalikuwa yamejaa na kubaki kipande kidogo cha mchanga. Juu yake wamesimama shakwe, buabua, na wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola. Nilitaka picha ya mbawa. Nikaingia majini hadi magotini, nikapiga makofi. Wakaruka wote pamoja, na picha nikaipata. Lakini hawakuwa na pa kutua. Walizunguka, wakashuka, wakaniona, wakapanda tena. Nami, kwa uroho, nikabaki palepale nikiendelea kupiga. Mwisho wakaelekea baharini wakapotea. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu alinisubiri nitoke. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, “Mwanangu, wamekukosea nini?” Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye, nilipojifunza Machi ni nini kwao. Huo ndio wakati wa kuweka mafuta mwilini. Sululu wadogo mnaowaona wakianza kuwa wekundu kifuani wanajiandaa kurudi Aktiki. Wale wala kaa wanakwenda kuchimba mashimo mchangani kwenye pwani za Arabuni na Somalia, na humo jike hutaga yai moja tu jeupe. Maji yakijaa hawawezi kula. Kazi yao ni kupumzika. Kila ukiwarusha unayachoma mafuta ya safari hiyo. Picha ile ilisifiwa sana. Simwonyeshi mtu tena.

Dalili mzijue: wakinyoosha shingo wote kwa pamoja, simameni. Wakianza kutembea, rudini nyuma. Msingoje waruke.

5. Ukienda Msimbati uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Fuateni taratibu zao. Na muwasalimu akina mama wanaochokoa pweza, kisha waulizeni. Wanajua kila fungu la mchanga linalobaki juu hata maji makubwa ya bamvua yakijaa.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi mwandamo nitakuwa Mikindani kabla ya jua kuchomoza. Anayetaka kujifunza aje na darubini. Kamera tutaitoa baadaye.