Wenzangu wa redio, tuache kushindana na simu kwa nyimbo

Nimekaa redioni muda mrefu, nimeanzia kupokea simu za wasikilizaji na kukata matangazo ya biashara, nikaja kutangaza, sa hivi naandaa vipindi, na swali ninaloulizwa kila ninapokaa na watu ni moja tu, eti redio ina maisha kweli na hizi simu janja? Jibu langu ni ndio, inayo, ila sio redio yoyote. Ile redio inayopiga nyimbo mfululizo halafu mtangazaji anaingia kutaja saa na jina la kituo kisha anatoka, hiyo haina maisha marefu, na tusiisingizie intaneti kwa hilo.

Maana msikilizaji akitaka muziki leo anafanya nini? Anafungua YouTube au Spotify, anatafuta wimbo, asioupenda anauruka, anaoupenda anaurudia mara tano na hamwombi mtu. Sasa wewe na orodha yako ya nyimbo kumi na mbili kwa saa, ulizozichagua wewe, utamshinda wapi? Ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini kuna kitu zile apu hazina, nacho ni mtu anayejua kwamba leo ni Jumatatu, mvua haijakatika toka alfajiri, barabara fulani imefungwa, matokeo ya mitihani yametoka na kuna nyumba hazijalala, na anaongea na wewe kuhusu hayo sasa hivi, sio kesho. Hapo ndipo penye nguvu yetu, na naumia sana nikiona vituo vinaitupa wenyewe.

Redio imeshawahi kubanwa hivi hivi zamani. Televisheni ilipoingia majumbani kule Marekani miaka ya 1950 ilibeba michezo ya kuigiza na vichekesho vya jioni, vitu ambavyo ndio vilikuwa roho ya redio, wenye matangazo ya biashara wakahama navyo, na wengi wakaona imekwisha. Lakini mwaka 1954 ikaanza kuuzwa Regency TR-1, redio ya transista ya kwanza kuingia sokoni, ndogo ya kubeba mfukoni, na vituo vikaacha kung'ang'ania sebule, vikamfuata mtu kwenye gari, kazini na barabarani, na muziki na DJ na habari za pale pale alipo. Yaani haikupona kwa kuiga televisheni, ilipona kwa kwenda kule televisheni ilikokuwa haifiki.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na huu ndio nausisitiza kuliko yote. Chukua rekodi ya saa moja ya kipindi chako, yoyote ile, usichague ile nzuri, kaa chini na karatasi uisikilize mwanzo mpaka mwisho, na kila dakika mbili tatu jiulize, hiki kilichosemwa hapa kingeweza kurushwa wiki iliyopita bila mtu kugundua? Kingeweza kurushwa na kituo cha mji mwingine kabisa? Kama jibu ni ndio, weka alama. Mimi hufanya hivi na vijana ninaowafundisha, na kinachowashtua sio ubaya wa kazi yao, wengi wana sauti nzuri na wamejiandaa, kinachowashtua ni jinsi karatasi inavyojaa alama. Habari za mastaa walizosoma kwenye mtandao ule ule ambao msikilizaji ameusoma toka jana usiku, dondoo za afya zisizo na mwenyewe, mjadala wa "mapenzi ama pesa" ambao umejadiliwa toka redio ianze. Hivyo ndivyo vya kupunguza, na nafasi ikipatikana jaza na vitu ambavyo vinaoza kesho: nini kinatokea leo, nani anahusika, na mtu wa eneo lenu mwenyewe aeleze kwa mdomo wake.

Na hapo ndipo simu ya msikilizaji inapogeuka kuwa rafiki. Watu wa redio wengi wanaiona WhatsApp kama mahali pa kupokea salamu tu, lakini ile meseji ya sauti ni mali kubwa sana jamani, zamani ilikuwa mtu apige simu studio, laini iwe bize, apige tena, akifika hewani anababaika na sauti inakwaruza, leo mtu ametulia nyumbani kwake anakurekodia sekunde thelathini safi kabisa. Lakini inataka utaratibu. Kwanza swali liwe jembamba. Ukiuliza "mnaonaje hali ya maisha" utapata malalamiko yanayofanana mia, ukiuliza "ni kitu gani ulikuwa unanunua kila wiki na mwezi huu umeacha" utapata hadithi, na kila mtu ana yake. Pili awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzisikiliza zote kabla hazijaenda hewani, sio mtangazaji huku anaongea anabonyeza asichokijua, maana siku moja itapita ya matusi au ya kumtuhumu mtu kwa jina na kesi mtakuwa nayo nyie. Tatu, mwambie msikilizaji wazi kwamba sauti yake itatumika hewani na pengine kwenye mtandao, asije akajisikia anazunguka mahali hakuridhia. Nne, na hili linasahaulika sana, mjibu. Akishatuma, mtangazaji amtaje, aseme kitu kuhusu alichosema, hata sentensi moja. Mtu aliyejibiwa hewani anarudi, na anarudi na jirani yake.

Kuna wanaoona njia rahisi ni kumtoa mtangazaji kabisa na kuweka sauti ya kompyuta. Poland walijaribu, Oktoba 2024 kituo cha OFF Radio Kraków kiliweka watangazaji watatu waliotengenezwa na akili mnemba, wakafika hadi kurusha "mahojiano" na mshairi Wisława Szymborska ambaye alifariki mwaka 2012. Watu walikasirika mno, na kabla mwezi haujaisha kituo kikalisitisha jaribio lenyewe. Mimi sipingi mashine isaidie kugeuza mahojiano marefu kuwa maandishi, kusafisha kelele kwenye sauti au kutafuta kitu kwenye maktaba, hizo ni kazi za kumchosha mtu na mashine inazifanya vizuri tu, lakini kwenye maiki akae mtu. Msikilizaji anakuja kwa mtu.

Twende kwenye podikasti, yaani sauti iliyorekodiwa ambayo mtu anaichagua mtandaoni na kuisikiliza muda anaotaka. Kosa ninaloliona kila mahali ni kituo kuchukua kipindi kizima cha masaa matatu, na jingo zake (vile vibwagizo vya kutaja kituo) na taarifa ya foleni ya asubuhi ile, na kukitupa mtandaoni eti ndio podikasti. Nani atasikiliza foleni ya wiki jana? Kipindi cha hewani kinajengwa kwa mtu anayeingia na kutoka, ndio maana tunarudia rudia kutaja mgeni ni nani na mada ni ipi, lakini wa podikasti amechagua mwenyewe na ameanza mwanzo, kwa hiyo ukimrudishia kila dakika tano "kama ndio unajiunga nasi" unamchosha. Kata. Toa mahojiano peke yake, ondoa salamu ndefu za mwanzo, anza pale mgeni anaposema kitu chenye uzito halafu ndio umtambulishe. Kichwa cha habari kiseme kilichomo ndani, sio "Kipindi cha Jumanne sehemu ya pili". Na angalia haki za muziki, kibali ulichonacho cha kupiga nyimbo hewani mara nyingi hakikupi ruhusa ya kuweka wimbo huo huo kwenye faili watu wapakue, hivyo ni bora toka mwanzo mrekodi maiki kwenye njia yake peke yake bila muziki, kazi ya kukata baadaye inakuwa nyepesi na hamvunji sheria ya mtu. Klipu fupi za video za studio pia weka, ila zisiwe ndio kazi yenyewe, nimeona watangazaji wanaangalia kamera mpaka wanamsahau mtu aliye gizani anasikiliza tu.

Na maktaba! Vituo vingapi vina kanda na mafaili ya miaka na miaka ya sauti za wazee, viongozi, wanamichezo, na hakuna aliyeandika nani kaongea lini. Andikeni. Tarehe, jina la anayeongea, mada, basi. Siku mtu huyo akifariki au jambo lile likirudi kwenye habari, nyie ndio mtakuwa nayo na hakuna apu yoyote duniani yenye hicho kitu.

Kwenye kurusha kwa intaneti nataka niwe wa hesabu kidogo kwa sababu wenye vituo vidogo wanaingia bila kujua. Mtambo wa FM ukishawaka gharama ni ile ile, wasikilize watu kumi au laki moja. Intaneti sio hivyo, kila msikilizaji anayeongezeka anakula sehemu yake, ukirusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde (ndio kipimo cha data inayobeba sauti) watu 1,000 wakiingia pamoja seva inatakiwa itoe megabiti 64 kila sekunde, na yule msikilizaji naye anakatwa karibu MB 29 kwa saa kwenye bando lake. Ukiweka 128 inakuwa mara mbili, karibu MB 58 kwa saa. Kwa hiyo weka njia mbili, moja nzuri ya wenye intaneti isiyohesabu bando nyumbani na moja nyepesi ya kilobiti 32 kwa AAC+, mfumo wa kubana sauti iwe nyepesi, ambayo kwa vipindi vya kuongea inasikika vizuri tu na inakula kama MB 14 kwa saa. Halafu kumbuka intaneti inachelewa, mara nyingi sekunde thelathini au zaidi nyuma ya hewani, kwa hiyo yule wa mtandaoni ukisema "wa kwanza kupiga anashinda" hana lake, na kwenye mpira atasikia majirani wanashangilia kabla goli halijamfikia. Shindano lisiwe la mbio, liwe la kutuma jibu mpaka saa fulani.

Ila msikimbilie kuuza mnara. Norway walizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017 wakahamia DAB, redio ya kidijitali ya hewani, na hata wao vituo vidogo vingi vya mitaa viliruhusiwa kubaki FM. Na angalieni kinachotokea siku ya balaa. Tetemeko la Haiti la Januari 2010, Signal FM ya Port-au-Prince iliendelea kuwa hewani wakati mawasiliano mengine yamekatika, watu wakawa wanakwenda pale kutafutana. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017 zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizimika, na redio ya WAPA ikabaki ikisikika. Mwaka huo huo mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani aliiomba Apple iwashe redio ndani ya iPhone, ikajibu kwamba iPhone 7 na 8 hazina kabisa kifaa cha FM wala antena yake. Kwa hiyo usidhani kila mwenye simu ana redio. Jenereta, mafuta, antena ya akiba na karatasi ukutani inayosema nani anakuja studio usiku balaa likitokea, hivyo ni vitu vya kupanga sasa wakati hali ni shwari.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu: muuzie mfanyabiashara kipindi chote, hewani na klipu na podikasti kwa pamoja, usimuuzie idadi ya laiki, maana kwenye laiki wapo wengi wa kukuzidi.

Na kama mko wachache, mtangazaji mmoja ndio huyo huyo fundi ndio huyo huyo wa mitandao, msianze yote. Chagueni kipindi kimoja, kile ambacho watu wanapiga simu kukiulizia kikikosekana. Hicho ndio mkiwekee namba ya meseji za sauti, swali moja jembamba kila siku na mtu mmoja wa kuchuja, na kila Ijumaa mtoe kipande kimoja cha dakika kumi mpaka kumi na tano kiende mtandaoni. Mkiona mnakimudu bila kukimbizana ndio muongeze cha pili.