Honolulu kwa wawili, bila kutoboa mfuko

Kaka, kwa kuwa umeuliza wewe na shemeji mtakula wapi Honolulu, kule Hawaii, kwa bei nafuu, achaneni na migahawa ya ufukweni Waikiki. Nendeni mtaa wa Kapahulu, kwenye mgahawa wa Rainbow Drive-In, upo tangu 1961. Agizeni "plate lunch" moja: madonge mawili ya wali, saladi ya makaroni iliyojaa mayonezi, na nyama. Mimi ningeanza na loco moco: wali, nyama ya kusaga iliyokaangwa bapa, yai juu yake, kisha mchuzi mzito wa kahawia unaoshuka hadi chini kwenye wali. Sahani hiyo inawatosha wawili, labda muwe mmetoka kulima.

Mkitaka chakula cha wenyeji wenyewe, kipo kwenye mgahawa wa Helena's, mtaa wa Kalihi. Poi ni magimbi yaliyopondwa hadi yakawa uji mzito. Ukiila peke yake utanuna, ila ukiichovya na nyama yenye chumvi inaeleweka.

Angalizo: kalua (nyama iliyookwa kwenye shimo ardhini) na laulau (nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi na kupikwa kwa mvuke) kwa kawaida ni nguruwe, musubi ya Spam (donge la wali lenye kipande cha nyama ya kopo) pia. Kama hamli, ulizeni kuku au samaki kabla ya kuagiza.