Kabla Hujawavisha Wanafunzi Miwani ya Uhalisia Pepe

Wahadhiri wenzangu hapa Mombasa huniuliza mara kwa mara: tununue miwani gani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu mahali pengine kana kwamba yumo ndani yake? Nami huwarudishia swali. Katika somo lako, ni wapi mwanafunzi anatakiwa apajue na hana njia ya kupafikia? Kama hakuna, pesa ya idara inunulie vitabu. Kama papo, hata pawe mahali pamoja tu, basi miwani ina kazi ya kukufanyia.

Mimi nafundisha uhandisi wa meli, na mahali pangu ni ndani ya injini. Karakana ya chuo ina injini ndogo tunayoifungua na kuifunga kila muhula. Hiyo inamfunza kijana kushika spana, lakini haimfunzi ukubwa. Injini ya dizeli ya meli kubwa ya makontena ni jengo zima: Wärtsilä RT-flex96C ya silinda 14 ina kimo cha mita 13.5 na uzito unaopita tani 2,300, na fundi huingia ndani yake kwa miguu yake. Aliyeyasoma hayo kwenye slaidi ataandika nambari sahihi kwenye mtihani. Aliyesimama mle kwa miwani, akainua shingo kuitafuta pistoni iliko, haulizi tena kwa nini chumba cha mitambo kinahitaji kreni.

Tena kuna mambo ambayo hata ukipewa meli yako mwenyewe huwezi kuyafundisha kwa kuyatenda. Oili ikipata joto kupita kiasi ndani ya krenkesi, yaani sanduku la chini la injini linalofunika mhimili wake, hugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa na sehemu iliyopata moto, hulipuka. Mwaka 1947 meli ya Reina del Pacifico ilikuwa katika majaribio ya baharini karibu na Ireland ya Kaskazini mkasa huo ulipoifika, watu 28 wakafa. Ndiyo maana kanuni inasema ukizima injini baada ya king'ora cha mvuke wa oili, usiufungue mlango wa krenkesi kabla ya dakika 20 kupita, angalau. Darasani kila mtu anaijua kanuni hiyo. Ndani ya miwani, kengele ikilia na taa nyekundu zikiwaka, utawaona waliojibu vizuri kabisa mkono wao unakwenda kwenye mlango. Wanataka kuona kimeharibika nini. Hapo ndipo ninapokiamini kifaa hiki kwa moyo wote, kwa sababu kimenionyesha pengo ambalo karatasi ya mtihani isingenionyesha, na limejitokeza mahali ambapo hakuna wa kuungua.

Sasa upande wa pili. Mwenzangu mmoja wa idara ya historia na utalii alitaka kuwatembeza wanafunzi wake Fort Jesus kwa miwani, wakiwa wamekaa darasani. Nilimwomba asifanye hivyo. Ngome imekuwa pale tangu miaka ya 1590, na darasani kwake hadi pale ni safari ya matatu moja. Acha wauguse ukuta wa mawe ya matumbawe, wasikie upepo unavyoingia, waulize walinzi maswali. Hakuna kifaa kitakachowapa hayo.

Lakini chini ya maji, mbele ya ngome hiyo hiyo, kuna mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya vita ya Wareno iliyozama mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa na Waomani. Wanaakiolojia walizamia kuichimbua kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho mle ngomeni. Huko chini wanafunzi wa utalii hawatafika. Huo uhalisia ulioboreshwa, ule wa kubandika picha juu ya kitu unachokitazama kupitia simu, kazi yake ni hapo: mwanafunzi asimame ukutani, aielekeze simu baharini, aione meli ilipolalia na ukubwa wake ukilinganishwa na mashua zinazopita. Ameenda kwa miguu yake, na simu inamwonyesha kile ambacho miguu haikifikii. Mwenzangu alilikubali hilo haraka kuliko nilivyotarajia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu miwani hufurahisha, na ni rahisi kudhani aliyefurahi amejifunza. Mwaka 2018 Jocelyn Parong na Richard Mayer walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliosoma somo la biolojia kwa miwani na waliolisoma kwa slaidi. Wa miwani walilipenda somo zaidi. Wa slaidi wakapata alama bora zaidi. Mwaka uliofuata Guido Makransky na wenzake, Mayer akiwemo, wakaona mambo yale yale kwenye maabara ya kuigiza ya kompyuta: hisia ya kuwa mle ndani ilipanda, kujifunza kukashuka. Akili inajaa vya kutazama, nafasi ya kufikiri inapungua. Parong na Mayer walijaribu pia kuwasimamisha wanafunzi kila baada ya kipande cha somo, waeleze walichokiona kwa maneno yao wenyewe. Kujifunza kukaongezeka.

Kwa hiyo somo langu la miwani ni fupi, na mazungumzo yake ni marefu. Nawagawa watatu watatu. Mmoja anavaa, wa pili ana mwongozo mkononi na ndiye anayetoa maagizo, wa tatu anaandika. Aliyevaa haruhusiwi kunyamaza: anataja kila anachokiona na sababu ya kila anachokigusa. Baada ya dakika chache anavua, wanajadili, kisha wanabadilishana. Mpango huu pia unatatua tatizo la bajeti, maana darasa zima halihitaji miwani yake kila mtu, na wale wawili wasiovaa mara nyingi ndio wanaoligundua kosa kwanza.

Jiandae pia kwa kigegezi. Jicho huuambia ubongo kwamba unatembea, huku sikio la ndani linasema umekaa kitako, na mwili hauwezi kuwapatanisha. Wakalishe kwenye viti visivyozunguka. Chagua programu inayomhamisha mtu kutoka kituo hadi kituo badala ya ile inayomtelezesha. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, kichwa chazunguka," mvue papo hapo, usimwambie ajikaze, kwa sababu kujikaza huzidisha. Na huyo asipoteze alama hata moja: afanye kazi ya mwongozo au ya kuandika, aifuate safari kwenye skrini.

Kuna jambo ambalo miongozo ya watengenezaji haina, nalo katika mji wetu ni kubwa. Mtu aliyevaa miwani hawaoni walio mbele yake. Binti aliyefunikwa macho mbele ya darasa la wavulana, simu zikiwa mikononi mwao, yuko katika hali ambayo hakuichagua. Kwangu hakuna kupiga picha wala video mtu akiwa amevaa, na hakuna kumgusa. Ukitaka kumwelekeza, mwite jina. Mwenye mtandio ajifunge mikanda mwenyewe au asaidiwe na mwenzake wa kike, tena apewe muda wa kufanya hivyo mahali penye staha, maana mikanda huvuruga mtandio. Nimeona wasichana hodari wakisema hawajisikii vizuri siku ya miwani, na kilichowarudisha kwenye safu ni utaratibu huu tu.

Joto letu nalo lisipuuzwe. Majira ya kaskazi jasho hulowesha sponji ya usoni, hivyo nunua vifuniko vya silikoni na ufute kati ya mtu na mtu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini, bila spiriti. Usiache miwani dirishani wala kwenye dashibodi ya gari: lenzi hukusanya jua kama kioo cha kukuzia na kuiunguza skrini. Pakua kila kitu usiku wa kuamkia somo, uchaji betri, ili intaneti ikizorota au stima ikipotea somo liendelee.

La mwisho ni kuhusu unachokinunua. Google ilileta miwani yake ya karatasi ngumu mwaka 2014, na 2021 ikaacha kuiuza. Mwaka huo huo ikaifunga Expeditions, programu iliyotegemewa na shule nyingi kwa safari za picha. Microsoft nayo ilisitisha utengenezaji wa HoloLens 2, miwani yake ya uhalisia ulioboreshwa, mwaka 2024. Kampuni hubadili mawazo, mtaala wako unabaki. Jenga somo juu ya picha ambazo ni mali ya chuo, zilizopigwa kwa kamera ya nyuzi 360 na kuhifadhiwa katika muundo ambao kivinjari chochote kinaufungua. Hata simu ya kawaida itazionyesha.

Picha nzuri kuliko zote utazipata meli inapokuwa gudini au gatini, injini ikiwa imefunguliwa kwa matengenezo. Usiende na kamera kienyeji. Tangu Kanuni ya ISPS, ile ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari, ianze kutumika Julai 2004, bandari na meli zimekuwa chini ya ulinzi wa masharti makali, na kupiga picha bila ruhusa kutakufungia mlango wewe na wanafunzi wako. Chukua barua ya chuo inayotaja kamera, majina ya wanaoingia na matumizi ya picha. Ianze kuzunguka muhula mmoja kabla, maana nahodha, wakala wa meli na maafisa wa usalama wa bandari, kila mmoja ataitaka nakala yake.