Kwa nini mtu hununua jezi bandia kwa hiari yake

Umeuliza kwa nini mdogo wako, ambaye kipato chake si haba, hununua jezi na miwani ya jua bandia ilhali anajua fika kwamba si halisi, na kama umkanye. Wanauchumi Gene Grossman na Carl Shapiro walikwisha kueleza mwaka 1988 kwamba mnunuzi wa namna hiyo hadanganywi: anachonunua ni nembo, yaani hadhi mbele ya wenzake, bila kulipia ubora. Tena jezi hubadilishwa karibu kila msimu, na kwa vazi la miezi michache, mshono uliopinda au namba inayobanduka baada ya kufuliwa mara tatu havimsumbui. Hujiambia pia kuwa kampuni kubwa haitafilisika kwa ajili yake (hoja ambayo, nakiri, hunishinda kuijibu upesi). Kwa hiyo usimhubirie juu ya jezi. Mbane kwenye miwani, kwa sababu kioo cheusi kisichochuja miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana, inayodhuru macho) huifanya mboni ipanuke na kuingiza miale mingi zaidi. Aipeleke kwa mtaalamu wa miwani ipimwe kabla ya kuivaa tena.