Limuru na baridi ya Julai

SWALI: Habari yako dada. Sisi tulihama Umoja mwezi wa tano tukaenda Limuru, mzee amepata kazi huko na rent ni nafuu, lakini mimi bado nashuka Nairobi kila siku. Sasa hii Julai jameni! Town ni baridi lakini naeza vumilia, jioni matatu ikifika Rironi naskia ni kama nimeingia ndani ya friji. Nguo zinakaa siku tatu kwa kamba bado mbichi. Jirani mmoja ananiambia nitulie, ati baridi yenyewe ni ya Januari, mwingine anasema Januari ni jua tu. Nani mkweli? Na si tuko karibu na ikweta? Nina mtoto wa miezi saba, usiku naingiza jiko chumbani likishamaliza moshi. Iko sawa?
Mama wa Limuru

JIBU: Dada yangu, naanza na hilo la mwisho juu haliwezi ngoja. Hapana, haiko sawa, na leo usiku hilo jiko lilale nje. Makaa yakishawaka vizuri moshi unaisha kweli lakini kuna hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, haina harufu, haina rangi, na mtu aliyelala haamki kujiokoa. Kichwa kikiuma, ukiskia kichefuchefu ama usingizi usio wa kawaida na jiko liko ndani, toka na mtoto nje saa hiyo hiyo na mwende hospitali. Kila msimu wa baridi tunazika watu hapa Kenya kwa sababu ya hii kitu, tafadhali.

Sasa majirani. Wote wawili ni wakweli, ni vile kila mmoja anaongelea saa tofauti ya siku. Baridi ya Julai ni ya mchana. Huu upepo ambao watu wa Pwani wanauita kusi unatoka baharini na unyevu, ukipanda huku milimani unapoa na kuwa yale mawingu ya chini unayoyaona yamekaa kutoka asubuhi hadi jioni, jua halipiti, ndio maana kamba yako ya nguo imeshindwa. Lakini hayo mawingu usiku yanafunika kama blanketi, kwa hivyo baridi ya usiku haishuki sana kutoka pale ilikuwa mchana.

Januari na Februari ni kinyume. Anga iko wazi, mchana unavua sweta, halafu usiku joto lote linapaa kwa sababu hakuna cha kulizuia, na hewa baridi vile ni nzito inateremka mabondeni. Kukikaribia kucha unaeza pata sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe, kwa majani, na mkulima wa chai anaiogopa hiyo kuliko Julai yote juu inaunguza majani machanga.

Kuhusu ikweta, ni kweli Limuru iko kama digrii moja tu kusini yake, na mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima. Ndio maana misimu yetu inaongozwa zaidi na upepo na mawingu. Halafu kuna urefu wa mlima: ukipanda mita 1,000 unapoteza kama nyuzi sita hivi, na Nairobi iko kama mita 1,700 hali Limuru imepita 2,200. Mchana wa Nairobi mwezi wa pili ni kama nyuzi 26, Julai ni 21 ama 22, sasa wewe toa tatu hivi upate ya kwako. Si bure chai ya kwanza Kenya ilipandwa hapo Limuru, mwaka wa 1903. Na siku moja ya weekendi shukeni Maai Mahiu, huko chini kwa Bonde la Ufa, ni karibu tu, mara nyingi mtakuta jua linawaka.

Mtoto mvalishe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, soksi na kofia mkitoka, lakini akilala usimfunike uso. Kama nyumba ni mabati matupu ongea na landlord aweke siling bodi, itakusaidia sasa na Januari pia. Septemba hivi mawingu yanaanza kuachilia, hapo utoe magodoro yote uanike.