Ukichimba sarafu Lamu, punguza stima ya kadi kwanza

Kila anayenipigia simu kuhusu kadi za kuchimba sarafu, zile kadi za picha za kompyuta zinazopiga hesabu ukalipwa sarafu za mtandaoni kama Ethereum, swali lake la kwanza ni lile lile, eti "zako zinatoa megahashi ngapi?", yaani hesabu milioni ngapi kwa sekunde. Mi namuuliza, na mita yako ya tokeni inakwenda vipi? Hapo anakaa kimya. Ndo maana nimeamua niandike hapa yote kwa pamoja, manake nimechoka kuyarudia, na pia kuna makosa nimeyafanya sitaki mwenzangu ayalipie tena.

Nilianza mwezi wa pili 2021, kaskazi imeshika hasa. Kadi sita za AMD aina ya RX 580, mitumba, nilinunua Mombasa kwa kijana aliyekuwa anafunga saiba yake, zikapanda basi mpaka Mokowe, boti mpaka Amu, alafu punda mpaka mlangoni kwetu Mkomani, na mwenye punda akaniuliza hivi ni vigae ama nini manake alivisikia vinagongana. Mi nilikuwa nataka za gigabaiti 4 kwa sababu bei yake ilikuwa chini sana, binamu yangu akanikataza, akanambia DAG ya Ethereum, lile faili ambalo lazima lienee kwenye memori ya kadi, lilishapita gigabaiti 4 tangu mwezi wa 12 2020 kwa hivyo hizo wenyewe wanazikimbia, chukua za 8. Hapo alinifaa.

Sasa nyumba yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hata simu ukiwa ndani haishiki mtandao. Nikaiweka mashine chumba cha ndani kabisa manake ndipo penye ubaridi, watoto hulala hapo mchana joto likizidi. Kumbe ule ubaridi ni vile kuta hazipitishi joto la nje, na kuta zizo hizo haziruhusu joto la ndani litoke. Masaa matatu tu kadi zimefika digrii 84, feni zinalia kama mtu anasaga, nikifungua mlango napigwa na hewa ya moto usoni. Mamangu akaja akasimama mlangoni: "Mwanangu, umeniletea tanuri ya mofa ndani ya nyumba?"

Nikaipandisha juu, darini, chini ya makuti. Upepo upo, raha mustarehe, kadi zikashuka mpaka 70. Siku mbili. Ami yangu akapanda kuangalia, hakusema mengi, alinyoosha kidole juu tu akanambia, "Makuti haya yakishika moto hutaungua peke yako, utaunguza mtaa mzima." Na kweli, nyaya za mitumba, soketi ya kubahatisha, makuti yaliyokauka jua la kaskazi... hata mi usiku nilikuwa silali. Ikashushwa, sai ipo kwenye ukumbi unaotazama kiwanda, yaani ua wa katikati wa nyumba, pale hewa inapita na mvua haifiki.

Lakini kuhama huku na huku hakukutatua kitu. Kila wati kadi inayokula inatoka kama joto, yote, hakuna inayobaki ndani. Mashine yangu ilikuwa inakula kama wati 1,100, ni sawa na kuacha pasi imewaka usiku na mchana, alafu unanunua feni za kufukuza joto la pasi ile, na feni nazo zinakula stima. Bas nikaona dawa ni kupunguza huko huko linakozaliwa.

Kabla hujagusa chochote, pima. Na usiamini namba ya wati unayoonyeshwa na programu, kwa hizi kadi za AMD za enzi hio inasoma chipu tu, haihesabu bodi nzima wala zile zinazopotea kwenye pawa saplai. Mi sikuwa na kipima cha ukutani, nilichofanya nilingoja nyumba imelala, nikazima kila kitu mpaka friji, nikaacha mashine peke yake saa nzima nikasoma mita ya tokeni mwanzo na mwisho. Uniti 1.1 kwa saa. Na hapo nilikuwa napata megahashi 22 na kidogo kwa kila kadi, jumla 135 hivi.

Haya, sasa kazi. Kwa RX 580 kitu cha kwanza ni kuhifadhi bayosi asili ya kila kadi, ile programu ndogo ya ndani inayoiendesha kadi. Kila kadi faili lake, usiseme zinafanana. Bandika kistika kwenye kadi, namba 1 mpaka 6, na faili uliite kwa namba hio hio, uweke kwenye flashi diski na nakala nyingine kwenye simu. Mi kadi ya nne niliiandikia bayosi ya kadi ya pili nikidhani ni ndugu moja, ikawa haiamki. Iliniokoa kile kiswichi kidogo ubavuni, baadhi ya kadi zina bayosi mbili, unasukuma kiswichi inaamkia ile ya akiba. Isingekuwa nayo ningebaki na tofali, kadi iliyokufa.

Alafu angalia memori zake ni za kampuni gani, programu ya GPU-Z inakuonyesha hapo hapo. Samsung ndo tamu, Hynix na Micron inategemea, Elpida usitarajie makubwa. Kwanini nahangaika na memori? Kwa sababu Ethash, ile hesabu iliyotumika kuchimba Ethereum, kazi yake kubwa ni kusoma memori, ile chipu yenyewe inakaa ikisubiri tu. Ndo ukaona ajabu yake: unaweza kupunguza kasi ya chipu na volti zake na bado megahashi zikapanda, bora memori iende mbio. Na memori mbali na kasi ina nyakati zake za kupumua kati ya kusoma na kusoma, zile za kasi ya chini ni fupi, za kasi ya juu ni ndefu, kwa hivyo ukifungua bayosi na Polaris BIOS Editor unachukua nyakati za kasi ya megahezi 1750 unazinakili kwenye 2000, unahifadhi, unaiandika kwenye kadi. Ukimaliza kwenye Windows draiva ya AMD itakataa bayosi uliyoichezea, usipige kelele, kuna kijiprogramu kinaitwa atikmdag patcher, unakiendesha unazima unawasha, imepita.

Baada ya hapo ndo MSI Afterburner, programu ya kubadilisha kasi na volti za kadi, na hapa watu wengi huanza na kupandisha. Mi nasema anza na kushusha. Chipu niliishusha mpaka megahezi 1150 kutoka elfu moja mia tatu na kitu, volti nikazishusha kidogo kidogo mpaka milivolti 850, kila hatua naiacha inywe kahawa nusu saa. Kadi ya tano ilikuwa inaganda kwa 850 nikairudisha 875 ikatulia. Hio ni kawaida, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja haziko sawa, usinakili seti za mtu, yaani namba alizoweka kwenye kadi zake, mtandaoni ukazibandika zote sita alafu uje kulalamika. Ikishatulia chini ndo unapandisha memori, 2000, 2025, 2050, hivo hivo hatua ya 25. Zangu za Samsung zilifika 2150 bila shida.

Sasa sikiliza hapa manake ndo nilipoibiwa na mashine yangu mwenyewe wiki tatu. Memori ukiipeleka mbio sana haifi, inaanza kukosea, na programu ya kuchimba bado inakuonyesha namba kubwa nzuri, umefurahi, umepiga picha umewatumia wenzako. Lakini lile kundi mnalochimba pamoja linalipa majibu sahihi tu, yale ya makosa linayatupa. Mi skrini ilisema megahashi 186, kwenye akaunti ya kundi wastani wa siku nzima ukawa 165. Nikalaumu intaneti, nikalaumu kundi, nikataka hata kuhamia kundi lingine. Kumbe kadi ya tatu, ya Hynix, ilikuwa inamwaga makosa. Fungua programu ya HWiNFO, kuna mstari unahesabu makosa ya memori ya kila kadi, iache iende saa nzima, ikiwa namba inakimbia rudisha memori nyuma hatua moja mbili mpaka itulie. Na angalia wastani wa masaa 24, sio wa dakika kumi, manake bahati hupanda na kushuka.

Nilipomaliza nikarudia kile kipimo cha usiku. Uniti 0.8 kwa saa, megahashi 180. Piga hesabu: uniti 0.3 kila saa, mwezi wa masaa 720 ni uniti 216, tuseme uniti ni shilingi 25 ili hesabu iwe rahisi, hizo ni 5,400 kila mwezi ambazo sikuzilipa, na kadi zinashinda digrii 62 na kaskazi ipo palepale. Wengine hapo wangesema acha nibane zaidi nipate 190. Nilijaribu, ilipatikana, na mita ikarudi karibu na moja. Nikaiacha.

Wenye kadi za Nvidia njia ni rahisi zaidi, hamna bayosi ya kuandika. Nilikaa na GTX 1660 Super mbili za rafiki, pawa limiti, yaani kikomo cha stima, nikaishusha mpaka asilimia 65, memori nikaipandisha, ikatoa megahashi 31 hivi kwa wati 75, tena bila kelele. Wale wenye 3080 na 3090 waangalie joto la memori sio la chipu, memori zile zikifika digrii 110 kadi inajipunguza yenyewe, na mara nyingi dawa ni kuifungua na kubadilisha padi za joto, volti utachezea mpaka asubuhi.

Na usichukue seti za sarafu moja ukazipeleka kwa nyingine. Sarafu ya Ravencoin inatumia hesabu nyingine, KawPow, ile inaichapa chipu na memori pamoja, kwa hivyo zile milivolti zangu 850 za kwenye Ethash ziligandisha kadi ndani ya dakika mbili, na ukizipandisha ili isimame stima inaruka na joto linarudi. Sarafu ya Ethereum Classic inakubali seti za zamani karibu vile vile.

Chumvi. Hii huambiwi na wale wa video manake wao hawakai karibu na bahari. Baada ya miezi minane hapa Amu meno ya kadi yanaingia rangi ya kijani, feni zinaanza kukwaruza, skurubu zina kutu. Kila miezi miwili nazima, napuliza vumbi, meno ya kadi nayafuta na kile kifutio cheupe cha penseli alafu spiriti na kitambaa kikavu. Pesti ya joto ya kadi mitumba badilisha tu siku unayoinunua, zangu zilikuwa zimekauka kama chokaa, hio peke yake ilinishushia digrii saba. Na usiweke pawa saplai sakafuni kama uko karibu na gati, jamaa yangu wa Langoni aliiweka chini dukani, bamvua likaja usiku, asubuhi kaikuta imezama, viatu vinaelea pembeni yake.

Zile raisa za kuunganisha kadi, usizilishe stima kwa waya wa SATA, ule wa kulishia diski. Kile kichwa cha SATA kimeundwa kwa wati 54, na kadi inaweza kuvuta mpaka 75 kupitia pale. Changu kimoja kiliyeyuka, harufu ndo iliyoniamsha, na hapo ndo nilimuelewa ami yangu na makuti yake. Tumia waya wa pini sita kutoka pawa saplai moja kwa moja. Ekstensheni pia isiwe ya duka la kila kitu.

Stima ikipotea, na itapotea, inaporudi huja na kishindo. Weka stabilaiza yenye kuchelewesha dakika chache, na kwenye bayosi ya kompyuta iambie iwake yenyewe stima ikirudi, la sivyo utakuwa unapiga simu nyumbani: "Mama, tafadhali bonyeza kile kidude chekundu." Mamangu alikuwa anabonyeza kweli, alafu anakata simu kabla hujasema ahsante.

Tarehe 15 mwezi wa 9 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa kabisa, na wachimbaji wa dunia nzima wakamiminika kwenye hizo sarafu ndogo zilizobaki, mgao ukawa kiduchu. Anayeniuliza sasa kama anunue kadi achimbe kwa stima ya tokeni namwambia wazi, hapana. Kama kadi unayo tayari, au una sola ambayo mchana inazidi na huna pa kuipeleka, hapo tuongee. Mi niliuza nne, nikabaki na mbili, zinakwenda mchana kwa paneli za juu ya nyumba na jioni nazizima. Moja ni ya memori za Samsung. Ya pili ni namba 3, ya Hynix, hakuna aliyeitaka, na mpaka leo ukiivusha 2050 inaanza makosa yake. Mamangu huweka bakuli la mkate wa sinia karibu nayo, anasema hapo unaumuka haraka.