Maswali ya Wasomaji: Jumba la Maduka Lisilokuwepo Tena

Kati ya barua tulizopokea mwezi huu, tatu zinahusu jambo moja, nalo ni majumba ya maduka ya katikati ya jiji ambayo yamekwisha kubomolewa. Tumeziweka pamoja kwa sababu waandishi wake, bila kujuana, wanaulizana na kujibizana.

SWALI: Mhariri, salaam. Katikati ya jiji nililokulia palikuwa na jumba la maduka la orofa tatu, ambalo lilibomolewa miaka kadhaa iliyopita, na mahali pake sasa pana uwanja wa kuegesha magari uliozungushiwa ua wa waya. Kila nikipita hapo koo hunikaba. Mume wangu hunicheka na kusema kwamba hajapata kuona mtu mwenye akili timamu akililia maduka. Kinachonishangaza mimi mwenyewe ni kwamba sikumbuki hata kitu kimoja nilichonunuliwa mle ndani, lakini naukumbuka mkanda mweusi wa kushikia kwenye ngazi za umeme, jinsi ulivyokuwa ukienda upesi kuliko vidato, hata nikifika juu mkono umekwisha kunitangulia na mimi nimeinama kama mtu anayetaka kuokota kitu. Namkumbuka pia mama akiwa ameketi kwenye ukingo wa chemchemi, amevua kiatu kimoja, anatusubiri. Je, nina kasoro? Na kwa nini niukumbuke mkanda, nisizikumbuke nguo?

JIBU: Huna kasoro yoyote, dada yetu, na shemeji tunamwomba apunguze kicheko. Tuanze na mkanda, kwa kuwa kumbukumbu yako ni sahihi kuliko unavyodhani. Vidato vya ngazi za umeme huvutwa na minyororo, ilhali mkanda wa kushikia huzungushwa na mtambo wake kwa msuguano, na kwa hiyo miendo ya vitu hivyo viwili hailingani sawasawa. Kanuni za usalama za Ulaya zimekuwa zikikubali mkanda uvitangulie vidato kwa hadi asilimia 2 ya mwendo, lakini hazitaki ubaki nyuma, maana mkono unaobaki nyuma humvuta mtu aanguke chali. Mtu mzima hukiinua kiganja na kukirudisha bila hata kujua. Mtoto aliyeambiwa ashike asiachie hufuatana na mkono wake mpaka juu, na bila shaka wewe ulikuwa mtoto msikivu.

Sababu ya kuukumbuka mkanda na kuzisahau nguo inapatikana ndani ya ubongo. Mna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo huchora ramani ya mahali tunapopita na wakati huohuo husaidia kuyahifadhi matukio yanayotupata. Mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe wa London alionyesha kwamba katika hipokampasi ya panya mna seli ambazo huamka panya anapofika mahali fulani, na uvumbuzi huo ulikuja kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa kuwa ramani na tukio hukaa nyumba moja, jengo ulilolizunguka mara mia hubaki kama kabati lenye droo nyingi, na mama aliyevua kiatu yumo katika droo mojawapo. Gauni lililovaliwa msimu mmoja likakubana halikupata droo. Tena watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba watu wa makamo na wazee, wakiombwa wasimulie maisha yao, hutoa mambo mengi zaidi ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ndio umri ambao mtu huruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda mjini peke yake.

Uchungu wenyewe nao una jina lenye historia. Neno nostalgia, linalotumiwa na lugha nyingi za Ulaya, liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, ambaye aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Hofer aliuona kuwa ugonjwa halisi, na tiba aliyoitegemea kuliko zote ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao. Wewe tiba hiyo huwezi kuipata, kwa sababu mji wako uko palepale na unaishi ndani yake, ila kitu ulichokitamani humo ndicho kilichoondolewa. Kulia karibu na ua wa waya si ajabu.

Sasa swali la shemeji, la kwa nini mtu alilie maduka, linastahili jibu kamili. Anayehesabiwa kuwa baba wa majumba ya maduka yenye paa ni Victor Gruen, msanifu majengo Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1903 na kukimbilia Marekani mwaka 1938, baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Alipowaona Wamarekani wakiishi ndani ya magari, alitaka kuwajengea kitu kinachofanana na viwanja vya miji ya Ulaya, ambako watu huketi, hupita na kusalimiana bila shughuli maalumu. Biashara ingelipia gharama, lakini kiwanja ndicho kilichokuwa shabaha. Kwa maneno mengine, mama yako alipoketi kwenye chemchemi bila mfuko wa ununuzi hakuwa akilitumia jengo vibaya. Alikuwa akilitumia kama alivyokusudia aliyebuni majengo ya aina hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni Midtown Plaza, katika jiji la Rochester, jimbo la New York, lililofunguliwa mwaka 1962 kwa michoro ya Gruen na kuwa miongoni mwa majumba ya kwanza ya aina hiyo kujengwa katikati ya jiji la Marekani badala ya pembezoni. Katika ukumbi wake Gruen alisimamisha saa kubwa iliyoitwa Saa ya Mataifa, yenye vibweta 12, kila kimoja cha nchi yake, ambavyo vilifunguka kwa wakati na kuonyesha vikaragosi vikicheza kwa muziki. Watu wa Rochester walikuwa wakiagana kukutana "kwenye saa". Wakati wa Krismasi palikuwa na treni ndogo ya watoto, inayoning'inia kwenye reli moja, ikizunguka juu ya vichwa vya wanunuzi. Leo wakazi wa umri fulani wakianza kulizungumzia jumba lile, saa na treni ndivyo vinavyotajwa kwanza, na vyote viwili havikuwa vya kuuzwa.

Kuna jambo moja chungu ambalo tungekuwa waongo tusipolitaja. Kiwanja kile hakikuwa chetu. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu jumba la maduka la Lloyd Center huko Portland, iliamua kwamba mwenye jumba anaweza kuwakataza watu kugawa karatasi zao za kisiasa ndani, kwa sababu mali binafsi haigeuki kuwa ya umma eti kwa vile umma umekaribishwa kununua. Mlinzi aliyewafukuza vijana kwa kukaa muda mrefu alikuwa na haki ileile ambayo baadaye mwenye jumba aliitumia kufunga milango. Nafikiri sehemu ya uchungu wako inatoka hapo, kwamba ulipapenda mahali pale kama pako na siku ya kubomolewa hakuna aliyekuuliza.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzee mstaafu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mpangaji katika jumba la maduka la katikati ya jiji, nikitengeneza saa na kukata funguo katika kibanda kisichozidi hatua nne kwa tatu. Nilikuwa wa mwisho kuhama kwenye orofa yangu. Wajukuu wanasema tuliuawa na intaneti. Mimi naona tulikuwa wagonjwa mahututi kabla hawajazaliwa wala intaneti haijaingia majumbani. Nani ana haki?

JIBU: Haki iko kwako, mzee wetu, ingawa wajukuu nao hawajakosea kwa kila kitu.

Jumba la maduka la katikati ya jiji, angalau Marekani ambako mtindo huo ulianzia, lilizaliwa likiwa dawa ya ugonjwa uliokwisha kuanza. Mwaka 1954 sheria ya kodi ya huko iliwaruhusu wajenzi wa majengo ya biashara kuhesabu uchakavu wa jengo jipya kwa haraka katika miaka ya mwanzo, na hivyo kupunguza kodi yao kwa kiasi kikubwa, jambo lililofanya kujenga upya kwenye ardhi rahisi nje ya mji kuwe na faida kuliko kukarabati majengo ya mjini. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya barabara kuu zenye urefu wa kilomita takriban 66,000, na mwaka huohuo likafunguliwa Southdale, nje ya Minneapolis, kwa michoro ya Gruen, jumba la kwanza la aina yake lililofunikwa lote na kuwekewa hewa ya kupozwa na kupashwa moto. Wateja walihama na maduka yakawafuata. Midtown Plaza lilijengwa na wenye maduka mawili makubwa ya Rochester, familia za McCurdy na Forman, ambao walijionea wenyewe mteja akielekea vitongojini na wakaamua kumpa mjini kile alichokifuata huko, yaani paa, joto na maegesho ya chini ya ardhi yenye nafasi za magari yapata 2,000.

Dawa ilifaa kwa miaka mingi, kisha ikaishiwa nguvu, na namna ilivyoishiwa wewe uliiona kwa macho ukiwa kibandani. Jumba la maduka hutegemea duka moja au mawili makubwa yanayovuta watu, na maduka hayo mara nyingi hulipa kodi ndogo sana ya pango kwa kila mita, ilhali vibanda kama chako, vinavyoishi kwa wapita njia, hulipa kubwa. Aliye mdogo ndiye anayembeba mkubwa, kwa makubaliano kwamba mkubwa atamletea watu. Siku duka kubwa linapofunga, wapita njia hupungua kuanzia asubuhi inayofuata. Isitoshe, mikataba mingi ya makampuni yenye matawi huwa na kifungu kinachowaruhusu kupunguza kodi au kuondoka kabisa ikiwa duka kubwa litaondoka, na hapo mwenye jumba hupoteza mapato, hupunguza usafi na taa, huzima ngazi za umeme, na waliobaki huzidi kupungua. Watu wa saa na funguo, ambao mikataba yao huwa mifupi na haina vifungu vya namna hiyo, ndio hubaki hadi mwisho.

Maduka ya McCurdy na Forman yalifungwa katika miaka ya 1990, wakati ambapo Amazon, kampuni ya kuuza kwa intaneti iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa bado changa. Midtown Plaza lenyewe lilijikokota hadi mwaka 2008 likafungwa, na ubomoaji ukaanza mwaka 2010. Intaneti ilikuja mazishini, mzee, na inawezekana ilisaidia kubeba jeneza, lakini haikuwepo mgonjwa alipoanza kukohoa.

Ila usiyapime majumba yote kwa kipimo hicho. Kituo cha maduka cha Elephant and Castle, kusini mwa London, kilichofunguliwa mwaka 1965, hakikufungwa kwa kukosa watu. Hadi siku ya kufungwa, mwezi wa Septemba mwaka 2020, wafanyabiashara wenye asili ya Amerika ya Kusini walikuwa wakiendesha biashara zao humo, na kwa miaka mingi wazee, wengi wao wenye asili ya Afrika na Karibi, walikuwa na ukumbi wao wa bingo ambao kwao ulikuwa mahali pa kuonana. Magazeti yalizoea kulitaja kati ya majengo yenye sura mbaya kuliko yote London. Lakini ardhi ilikuwa na thamani kubwa kuliko jengo, na mwaka 2021 likabomolewa kupisha majengo mapya. Lawama za huko haziwezi kuelekezwa kwa wateja, maana wateja walikuwepo.

Pengine utafarijika kusikia kwamba Gruen mwenyewe alikata tamaa kabla yako. Katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1978 aliyakana majumba ya maduka yaliyoiga michoro yake na kutupa nje bustani, maktaba na zahanati alizotaka ziwemo, akasema kwamba hao si watoto wake na hayuko tayari kuwalipia matunzo.

SWALI: Sisi ni ndugu wanne na tunabishana kila tukikutana. Mmoja anasema ngazi za umeme za jumba letu la zamani zilikuwa kushoto unapoingia, wengine tunasema kulia. Tunataka kuandika kumbukumbu za familia kabla wazazi hawajatuacha. Tuanzie wapi?

JIBU: Kwanza nyamazeni. Kila mmoja achukue karatasi, akae peke yake na achore ramani ya orofa ya chini kama anavyoikumbuka, aandike jina la kila duka na chini yake jambo moja lililomtokea hapo, ndipo mlinganishe. Mkianza kwa kuzungumza, mwenye sauti kubwa atawapandikizia kumbukumbu zake na hamtaweza tena kuzitenganisha na zenu. Huenda pia mkagundua kwamba wote mna haki, kwa kuwa jengo la namna hiyo huwa na milango zaidi ya mmoja, na aliyezoea kushukia upande wa basi aliingia kinyume na aliyeletwa na gari.

Baadaye ulizeni katika ofisi ya jiji inayotunza michoro ya majengo, kisha pekueni magazeti ya zamani kwenye maktaba, hasa kurasa za matangazo, ambazo hutaja jina la duka na orofa yake. Picha za rangi za zamani ziondoeni ukutani, kwa sababu mwanga hula rangi zake, na mkizinakili kwa mashine tumieni nukta zisizopungua 600 kwa inchi ili mabango ya maduka yaliyo nyuma ya watu yasomeke. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli laini nani aliyesimama na wapi.

Wazazi msiwaulize walinunua nini. Waulizeni walikuwa wakiwasubiri wapi mlipopotea, na walikuwa wamekubaliana na nani, saa ngapi. Na mkimjua aliyekuwa mlinzi au mfagiaji wa jumba hilo, mwendeeni kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye aliliona likiwa tupu asubuhi, taa zikiwashwa moja baada ya nyingine, na ndiye atakayewaambia ngazi zilikuwa upande gani.